Sasa Blade Alikuwa Wapi?

Jana usiku umeme ulirudi mapema hapa Arua, nikaketi kuitazama tena Blade: Trinity, filamu ya tatu ya Blade, mwindaji wa wanyonya damu, ile ya 2004. Nilitaka kuipa nafasi nyingine. Nikalala na uchungu uleule wa zamani.

Ya kwanza, ya 1998, niliiona nikiwa mtoto katika kibanda cha video karibu na soko, nimebanwa kwenye benchi kati ya kaka yangu na ukuta wa mabati. Bibi alitulea kwa hofu ya mumiani: jua likizama, hakuna kuzurura njiani. Halafu akatokea mtu mweusi, koti refu la ngozi, upanga mgongoni, na mumiani ndio wakawa wanakimbia! Ile disko ya mwanzo, damu ikiwamwagikia wachezaji kutoka darini, hata vijei wetu, aliyetutafsiria kwa maikrofoni bila kupumzika, alinyamaza. Wesley Snipes, aliyemwigiza Blade, hakuhitaji maneno mengi. Alisimama tu.

Ya pili, ya 2002, mikononi mwa Guillermo del Toro, ilinoga zaidi: Blade analazimika kushirikiana na wanyonya damu waliofunzwa kumuua yeye, kwa sababu kumezuka kizazi kibaya kuliko wao.

Hii ya tatu iliongozwa na David S. Goyer, aliyeziandika zote tatu. Hapo ndipo ninapoumia. Mtu anayemjua Blade kuliko sisi sote ndiye aliyemfanya mgeni nyumbani kwake. Mzee Whistler, aliyemlea, anakufa mapema, na hadithi inakimbilia kwingine kabla machozi hayajakauka. Wanaingizwa vijana, Abigail bintiye Whistler, na Hannibal King. Ryan Reynolds, anayemwigiza King, anachekesha, simnyimi haki yake, lakini kila anapofungua mdomo Blade anasogezwa nyuma. Na Drake, ambaye ndiye Dracula mwenyewe, shina la wanyonya damu wote, hatishi hata kidogo. Bibi angemfukuza kwa mwiko.

Mara ya kwanza tuliitazama kaka akiwa anajiandaa kwenda Juba kutafuta kazi. Tulikuwa tumeingoja kwa miezi. Tulitoka kibandani bila neno, mpaka njiani akaniuliza, “Sasa Blade alikuwa wapi?”

Leo asubuhi nimempigia simu, bado yuko hukohuko. Akataka kujua kama Whistler bado anakufa mapema vile.

Nikamwambia, “Bado, kaka.”