Saba ya Kopa

Jana jioni umeme ulikatika tena, kitinda mimba wangu akatoa karata tucheze wahedi wasitini kwa tochi ya simu. Akapata ree mbili, na furaha ikamshinda, akanigeuzia nizione.

"Baba, mwenye ree mbili anaweza kufungwa?"

Nikamwambia anaweza. Akakataa katakata. Ree ni pointi 11, nani yuko juu yake? Sikubishana. Akili ilishahamia kwenye ile meza ya kijani, mimi na mzee wa Tanga tukitazamana.

Yeye ndiye aliyenifundisha pokeri isiyo na kikomo cha dau, ile ambayo mtu anaweza kusukuma kila alichonacho wakati wowote. Alhamisi ile nilikaa kwa muda wa saa nne nikitupa magarasa. Nikaja kupewa ree ya shupaza na ree ya pau. Jozi ya ree humjia mtu mara moja katika kila migawo 221, na anayeisubiri kwa njaa huiona kama haki yake. Nikapandisha hadi 8,000. Wote wakatupa isipokuwa Mzee, aliyekuwa na dau la lazima la 2,000. Akajazia.

Karata tatu zikafunguliwa mezani, za kutumiwa na wote: kumi ya kopa, tisa ya kopa, nane ya uru. Nikaweka 12,000. Akafuata bila kufikiri, na hapo tumbo likanicheza kidogo.

Ya nne ikaja saba ya kopa.

Barazani kwetu saba ni mpenzi wa watu, pointi 10, inaifuata ree yenyewe. Sijawahi kuichukia karata kama nilivyoichukia ile. Mwenye jeki ameshapata mfuatano wa karata tano, unaoishinda jozi yangu. Mwenye sita vilevile. Mwenye kopa mbili, zozote zile, ameshafikisha kopa tano, ameshanipita. Na ree zangu zote mbili nyeusi, bila kopa hata moja ya kunisaidia.

Mzee akasukuma chipu zake zote kwa kiganja, 145,000, juu ya 41,000 zilizokuwapo. Mnara mmoja wa chipu ukaanguka, akaanza kuupanga upya, moja moja, taratibu, kama anayepanga machungwa sokoni. Nilimtazama vidole. Havikutetemeka. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa na ufa mweusi katikati, na mpaka leo nikifumba macho nauona.

Hesabu niliijua, alinifundisha mwenyewe: ili kulipa kusiwe hasara, nilipaswa kushinda karibu mara 44 katika kila 100. Kama alikuwa na jozi mbili, karata nane zingeniokoa. Kama ana tatu za aina moja, ni ree mbili tu zilizobaki. Kama ana jeki au kopa mbili, ya kunipa ushindi hakuna. Nilichoweza kukishinda pale ni mkwara tu, dau la kutishia bila karata nzuri, na Mzee nilimwona akipiga mkwara mara mbili tu tangu nimfahamu.

Lakini ni ree! Nililirudia neno hilo moyoni, na nadhani lilinichukua muda mrefu kuliko hesabu yote.

"Usiharakishe, mwanangu," akasema.

Nikatupa. Mgawaji akazikusanya zangu na zake, zote zimefunikwa.

Nje, tukisubiri bajaji, aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa na ree mbili?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kulikuwa na ya kopa?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akapanda, akaondoka. Nami sikumwuliza yake. Kwa nini sikumwuliza, sijui. Labda niliogopa jibu lolote kati ya mawili.

Mwezi uliofuata alirudi Tanga kwa watoto wake, na meza ile nikaiacha taratibu. Swali lake ndilo lililobaki. Kama ree ya kopa ingekuwa mkononi mwake, asingeniuliza. Hilo nina hakika nalo. Bado linabaki jeki, linabaki sita, zinabaki kopa nyingine zote. Na unabaki mkwara.

Kijana wangu alizitupa ree zake mapema mno, nikamla zote mbili kwa turufu. Turufu ilikuwa kopa.