Kupiga Picha za Milima Ukiwa Peke Yako Barabarani

Ninaposafiri kwa gari peke yangu kuelekea milimani, ninachokithamini kuliko kamera yenyewe ni uhuru wa kusubiri. Msafiri mwenza, hata awe mvumilivu kiasi gani, ana njaa yake, uchovu wake na saa yake ya kufika, ilhali mwanga unaoupendeza mlima huja kwa wakati wake na hauchelewi kutoweka.

Jua linapokuwa karibu na upeo wa macho, miale yake hupita katika hewa nyingi zaidi kuliko wakati wa adhuhuri. Njiani mwanga wa buluu hutawanyika sana, na unaofika mlimani huwa umeelemea kwenye wekundu na rangi ya dhahabu. Mwanga huo pia huuangukia mlima ubavuni, hivyo kila mgongo na kila korongo hutupa kivuli chake, na mlima ulioonekana bapa mchana hupata umbo. Ndiyo maana saa za mchana mimi huzitumia kuendesha na kutafuta mahali pa kusimama, kisha nikafika hapo mapema kabla ya machweo na kutulia. Maegesho yaliyotengwa kwa ajili ya watazamaji huchaguliwa kwa usalama wa magari, si kwa uzuri wa picha, na mara nyingi mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo huondoa nyaya za umeme na kuleta mto au mwamba mbele ya mlima.

Kusubiri, hata hivyo, hakumwondolei mtu wajibu wa kujiandaa. Mwaka 1941 Ansel Adams, mpiga picha Mmarekani wa mandhari, alikuwa akirejea kwa gari jioni katika jimbo la New Mexico, Marekani, alipoona mwezi umepanda juu ya milima, huku jua la mwisho likiangaza misalaba ya makaburi ya kijiji cha Hernandez. Alisimamisha gari na kutega kamera yake kubwa, lakini kifaa cha kupimia mwanga hakikuonekana. Akakokotoa kiasi cha mwanga wa kuruhusu kamerani kwa kutumia kiwango cha mng'ao wa mwezi alichokuwa anakikumbuka. Alipata picha moja tu, kwani kabla hajapiga ya pili mwanga ulikuwa umekwisha kuondoka kwenye misalaba. Adams alikuwa na wenzake wa kumsaidia kutafuta vifaa. Anayesafiri peke yake hana wa kumtuma, kwa hiyo kila kifaa kiwe na mahali pake, panapofikika hata gizani.

Kuhusu lenzi, sikubaliani na desturi ya kukimbilia lenzi pana, ile inayoingiza eneo kubwa pichani, kila mlima unapotokea. Lenzi pana huufanya mlima wa mbali uwe mdogo, na ule ukuu uliomfanya mtu asimame haupo tena pichani. Mara nyingi mimi huchagua lenzi ya kuvuta ya milimita 70 hadi 200, ambayo hukata kipande cha safu na kuonyesha migongo ikipangana, kila wa nyuma ukiwa umefifia na kuwa wa buluu zaidi kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Penye theluji, kamera ikiachwa ijipimie yenyewe huigeuza kuwa ya kijivu, hivyo mimi huongeza stopu moja hadi mbili za mwanga, kila stopu ikiwa ni kuongeza mwanga maradufu.

Mandhari hutazamwa gari likiwa limesimama, mahali palipo mbali na kona. Kupiga picha huku mkono mmoja uko kwenye usukani ni kuhatarisha maisha yako na ya wengine. Nikishaegesha huzima injini na kusogea mbali na boneti, kwa kuwa hewa moto inayopanda kutoka hapo hufanya vilele vya mbali vicheze.

Watazamaji wengi huondoka mara jua linapozama, nami husikitika kuwaona wakienda, kwa sababu anga huendelea kuumwagia mlima mwanga laini wa buluu kwa muda. Shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, hulazimika kukaa wazi kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo tripodi, stendi ya miguu mitatu ya kushikilia kamera, ni ya lazima, na huiweka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Kwa kuwa baada ya hapo nitateremka gizani, mahali pa jioni hupachagua kwenye barabara niliyokwisha kuipita mchana, na kabla ya kupanda humwarifu mtu njia nitakayorudi nayo.