Mbega wangu na kikombe cha chai

Ilikuwa Oktoba 2019 Arusha, mijakaranda ndo inachanua, na mimi nimebeba michoro yangu ya rangi za maji kwenye faili la plastiki isije ikalowa, naenda kuiprinti kwa mara ya kwanza maana nilikuwa nikiuza mchoro wenyewe basi umeondoka na mimi sibaki na kitu. Nilichora wanyama wa kwetu wakifanya mambo ya kwetu, twiga anaanua nguo, flamingo wa maziwa ya Momela wako foleni ya maji na ndoo zao, na ule nilioupenda kuliko yote, mbega, yule kima mweusi na mweupe, kwenye tawi la mjakaranda anakunywa chai, mkia mweupe unaning'inia kama pazia.

Kijana wa steshenari alikuwa anaijua kazi, nasema kweli. Zambarau ya maua ilitoka bluu kabisa, akanielewesha kwamba kwenye skrini rangi ni mwanga lakini mashine inachanganya wino za aina nne tu, sayani, majenta, njano na nyeusi, na zambarau iliyokolea huwa inaisumbua. Tukapunguza sayani, tukaprinti vipande vidogo vidogo, kila kimoja tunatoka nacho mlangoni kukiangalia juani, mpaka ikakaribia ile niliyoitaka.

Shida ikaja kwenye mkono. Naangalia skrini, mbega wangu ana kidole gumba!

"Kaka, hiki kimetoka wapi?"

"Nimekuwekea dada, ulikisahau."

Nikamwambia kifute, mbega hana gumba, ana vidole vinne na pale pa gumba pana kinundu tu. Hakuamini, akasema wateja wataona nimekosea, na kwanza kwa nini nisichore ile michoro ya tingatinga ndo watalii wanachukua. Tingatinga naiheshimu sana, Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 na rangi za baiskeli kwenye hadibodi na hadi leo watu wanakula kupitia mkono wake, ila mimi mkono wangu ni mwingine. Mnyama nitamvalisha koti, nitampa chai, hayo nimemzushia mimi, lakini mwili aliopewa na Mungu siugusi, mtoto akienda kumwona hifadhini Ngurdoto amkute ni yuleyule.

Sasa kulikuwa na mzee kwenye benchi anasubiri kadi za mchango wa harusi, akainuka, akavaa miwani, akaisogelea skrini.

"Huyu binti anasema kweli. Sisi tumekulia kule mlimani Meru, mbega anashika tawi hivi," akalikunja gumba lake ndani ya kiganja akatuonyesha vile vinne. Kijana akamwangalia mzee, akaniangalia mimi, akafuta.

Nakala ya kwanza ilipotoka mzee akauliza bei, aisee alibageini yule baba! Nikamwachia kwa bei yake kwa furaha zote.

"Shikamoo na asante sana mzee."

"Marahaba. Na hondohondo je, yule ndege wa mdomo mkubwa, umemchora? Jike anajifungia kwenye shimo la mti kwa matope anaatamia, dume ndo anamletea chakula, anampitishia kwenye kaufa kadogo."

Nilikuwa sijamchora. Kwenye daladala nikatoa penseli, nikaanza na dume, nikampa hotipoti ya kubebea ugali.