Chukueni Pambo Lenu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Ijumaa hii napenda tukae na aya mbili za Sura Al-A'raf, ya 31 na ya 32. Katika ya kwanza, Mwenyezi Mungu anawaita wanaadamu wote na kuwaamrisha wachukue pambo lao kila waendapo kwenye ibada, wale na wanywe, wala wasifanye israfu, yaani kupita kiasi, kwa kuwa Yeye hawapendi wenye israfu. Katika ya pili anauliza swali zito: ni nani aliyeharamisha pambo la Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake, na vilivyo vizuri katika riziki?

Wafasiri wanaeleza kwamba kabla ya Uislamu walikuwapo Waarabu waliokuwa wakitufu, yaani wakiizunguka Al-Kaaba kwa ibada, bila ya nguo, kwa kuona kwamba nguo walizoasi nazo hazistahiki kuingia nazo katika Nyumba tukufu. Walidhani kwamba kadiri wanavyojivua ndivyo wanavyomkaribia Mola wao. Qur'ani haikuwaambia tu wajisitiri, ingawa hilo lingetosha kuwazuia. Iliwaambia wachukue pambo. Na ukirudi nyuma kidogo, kwenye aya ya 26 ya sura hiyo hiyo, utakuta nguo zimetajwa kuwa ni neema iliyoteremshwa: ziko za kusitiri tupu, ziko za pambo, na nguo za uchamungu ndizo bora zaidi. Wengi wetu huikumbuka ile sehemu ya mwisho tu, tukaisoma kana kwamba uchamungu umekuja kulifuta pambo, ilhali yote matatu yametajwa pamoja na kuitwa Ishara za Mwenyezi Mungu.

Nalisema hili kwa sababu bado yupo miongoni mwetu anayeamini kwamba mcha Mungu wa kweli hutambulikana kwa kanzu iliyofifia na kofia iliyolegea, na kwamba anayefurahia nguo yake ana upungufu wa imani. Ibn Abbas, binamu wa Mtume na sahaba wake, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikutana na fikra kama hiyo. Sayyidna Ali alipomtuma kwenda kuzungumza na Makhawariji, kundi lililojitenga naye na kumwasi, alikwenda akiwa amevaa vazi zuri kabisa katika mavazi ya Yemen. Wale watu, waliokuwa mashuhuri kwa ibada nyingi, walimwuliza vazi gani hilo. Akawajibu kwamba alimwona Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, akiwa katika mavazi mazuri mno. Na katika riwaya nyingine aliwasomea aya hii hii ya 32. Mwanachuoni yule alikuwa anakwenda kuwarejesha watu kwenye haki, jambo lililohusu damu za Waislamu, na bado aliona kwamba kuvaa vizuri kunafaa kwa safari kama hiyo.

Hofu ya kiburi, hata hivyo, ni hofu ya haki, na Mtume mwenyewe aliizungumza. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Ibn Masud, alisema kwamba hataingia Peponi mtu ambaye moyoni mwake mna uzito wa chembe ya kiburi. Palepale mtu mmoja akauliza swali ambalo kila mpenda nguo angeliuliza: mtu hupenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, je? Mtume akajibu kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tazameni alivyokiweka kiburi mahali pake. Hakukiweka katika kitambaa, wala katika kupenda kwa moyo kile kilicho kizuri; amekiweka katika namna tunavyoipokea haki na namna tunavyowatazama wenzetu. Kwa kipimo hicho, aliyevaa kanzu chakavu na huku anamdharau aliyevaa mpya ndiye mwenye kiburi kati ya wawili hao, na hili ni onyo ambalo halisemwi mara nyingi.

Ipo pia hadithi ya Malik bin Nadhla, aliyoipokea Abu Dawud, ambaye alikuja mbele ya Mtume akiwa na nguo duni. Mtume akamwuliza kama ana mali. Akasema anayo. Alipoulizwa ni mali gani, akaanza kuhesabu: ngamia, kondoo, farasi. Mtume akamwambia kwamba ikiwa Mwenyezi Mungu amempa mali, basi na ionekane juu yake athari ya neema hiyo. Kwa hiyo kuvaa vizuri kwa mwenye uwezo ni namna ya kushukuru, na tunajua sote kwamba shukrani isiyo na furaha ndani yake ni maneno matupu. Ile raha unayoisikia unapoitoa nguo mpya kwenye mfuko wake, ukaikunjua, ukaivaa na ikakukaa vyema mabegani, si jambo la kulionea haya. Ni mwanzo wa shukrani. Mtume alitufundisha hata dua ya kusoma wakati huo, ambayo maana yake ni kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyenivisha nguo hii na kuniruzuku bila ya hila wala nguvu kutoka kwangu.

Katika pwani yetu tumerithi utamaduni ambao ulilielewa jambo hili vizuri. Angalieni kofia ya mkono wanayoshona mafundi wa Lamu, wa Unguja na wa Pemba. Vitambaa viwili vyeupe hulazwa pamoja, nakshi huchorwa juu yake, kisha sindano huanza kupita tobwe kwa tobwe, na kila kitobwe huzungushiwa uzi ukingoni ili kisichanike na ili kichwa kipate hewa. Kazi ya kofia moja huchukua majuma, na iliyo bora huweza kuchukua miezi. Aghalabu uzi huwa wa rangi moja na kitambaa, hata nakshi yote isionekane kwa mbali. Ni yule anayesimama karibu nawe katika safu ndiye huiona. Mimi sijui pambo linaloifaa sala ya jamaa kuliko hilo, kwa sababu limefanywa kwa subira na haliombi kutazamwa na umma.

Lakini desturi ya Ijumaa yenyewe inapungua, nami inanihuzunisha. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume alisema hapana ubaya kwa mmoja wetu, akipata uwezo, awe na nguo mbili za siku ya Ijumaa zisizokuwa nguo zake za kazi. Wazee walilishika hilo. Kanzu ya Ijumaa ilikuwa na siku yake, ilifuliwa na kupigwa pasi Alhamisi, ikafukizwa udi kwenye chetezo usiku ule, na mwenyewe akaivaa baada ya kuoga josho la Ijumaa na kujitia mafuta mazuri. Leo unamwona kijana anayejua kupanga rangi za nguo zake kwa ajili ya harusi hadi viatu na saa, na Ijumaa hiyo hiyo anaingia msikitini na fulana aliyolala nayo. Simlaumu fundi gereji au mchukuzi anayekatiza kazi ili aiwahi sala na nguo alizonazo; huyo ana fadhila yake mbele ya Mola wake. Ninamsemea yule ambaye kabati lake limejaa.

Kuhusu mipaka sitarefusha, kwa kuwa mnaijua: wanaume hawavai hariri wala dhahabu, sitara ni wajibu wa wote, na manukato ya mwanamke yana mahali pake. Ningependa tu kuongeza kwamba kikuba cha asumini, hina na udi wa nyumbani si ibada ndogo kwa mama zetu na dada zetu wanaojipamba kwa ajili ya nyumba zao, na kwamba waume nao wanastahili kudaiwa mfano wa hayo. Ibn Abbas alikuwa akisema kwamba anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Na israfu iliyokatazwa katika aya tunaiona wazi katika sare za harusi, pale familia moja inapolazimika kununua kitambaa cha shughuli hii na cha ile, kwa mkopo, ili isisemwe. Hapo furaha imekwisha kutoka katika nguo na imebaki hofu ya watu.

Katika hadithi zote za mlango huu, niipendayo zaidi ni ya mtoto wa kike. Bukhari ameipokea kutoka kwa Ummu Khalid mwenyewe, binti wa Khalid bin Said, aliyezaliwa Uhabeshi, nchi ya Ethiopia ya leo, wakati wazazi wake walipohamia huko na Waislamu wa mwanzo. Mtume aliletewa nguo, miongoni mwake kukiwa na shuka ndogo nyeusi yenye nakshi. Akawauliza waliokuwapo wanaona nani avishwe ile, nao wakanyamaza. Akasema aletewe Ummu Khalid. Akaletwa amebebwa, kwa udogo wake, na Mtume akamvisha kwa mkono wake, akamwombea aivae mpaka ichakae, yaani aishi umri mrefu. Kisha akawa anaitazama ile nakshi, ya kijani au ya manjano, akimwashiria na kumwambia kwa lugha ya Kihabeshi, lugha ya nchi alikozaliwa, kwamba ni nzuri. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye umma mzima wa kushughulikia, alisimama akamwonyesha mtoto uzuri wa nguo yake, na mtoto yule hakulisahau hilo hadi alipokuwa mtu mzima wa kulisimulia.

Idi zitakuja, na watoto wataonekana barabarani na kwenye viwanja vya sikukuu, kama Mnazi Mmoja kule Unguja, wamevaa nguo mpya. Katika kila mtaa wapo mayatima na watoto wa wasiojiweza ambao tumezoea kuwapelekea magunia ya nguo tulizozichoka. Aya ya 267 ya Sura Al-Baqara inatukataza kukusudia kutoa vile vibaya ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Basi mwenye kutia nia mwaka huu na amchukue mtoto mmoja hadi kwa fundi mapema, kabla mafundi hawajazidiwa na kazi za mkesha wa Idi, apimwe urefu wake na mabega yake, aachwe achague rangi aipendayo mwenyewe, na siku ya kuichukua nguo afundishwe ile dua ya nguo mpya kabla hajatoka nayo nje.