Xi'an nilienda kuangalia mawe

Kila anayesikia nimefika Xi'an, China, swali lake ni moja, umewaona wale askari wa udongo? Nimewaona, ni wengi, watu wamejaa, na picha zao zipo kila kona ya intaneti kwa hiyo mi sina cha kuongeza. Ninachotaka kuandika ni sehemu nyingine ambayo mdogo wangu (ndo anasoma huko) alinipeleka shingo upande, ananiambia "kaka utaboreka, ni mawe tu yale," kumbe aliyeboreka ni yeye, akaenda kukaa nje na simu yake mi nikabaki ndani mpaka walinzi wanaanza kutuangalia vibaya.

Kwa mliokuja leo hapa: mi naandika mabango. Mtwara mjini na Mikindani ndo kwetu, na msimu wa korosho hela ikiwepo nafika mpaka Newala na Masasi, kuta za maduka, ubavu wa maboti, misikiti nayo nimeshaandika khati za ndani (mwandiko wa Kiarabu wa mapambo). Siku hizi kazi imepungua sana, kila mtu anaprinti fleksi asubuhi jioni imeshafungwa, herufi zimetoka kwenye kompyuta na jua la kwetu linazipausha ndani ya mwaka ila nani anajali, bei rahisi. Sasa mtu wa hivyo umpeleke kwenye makumbusho yaliyojengwa kwa ajili ya mwandiko wa mkono tu, we unategemea atatoka mapema?

Panaitwa Beilin, msitu wa mawe ya maandishi. Pako ndani ya ukuta wa mji wa zamani upande wa geti la kusini, kwenye eneo lililokuwa hekalu la Confucius, yule mwalimu wa hekima wa China ya kale. Palianza mwaka 1087, na sababu ya kuanza ni kwamba kulikuwa na mawe ya zamani zaidi yanahitaji pa kuwekwa, na mawe hayo bado yapo, ndo unakutana nayo mapema kabisa. Ni 114, makubwa kuliko mtu, yamesimama kwa safu na yameandikwa mbele na nyuma. Yalimalizwa mwaka 837 wakati wa utawala wa Tang. Humo ndani kuna vitabu 12 vizima vya mafundisho ya Kichina, kama herufi 650,000 hivi.

Mwanzoni nilipita haraka, nisiwadanganye. Mwandiko wenyewe umenyooka, umepangwa, hauna mbwembwe, unatembea safu hadi safu unaona ni kilekile. Baadae nikasoma maelezo ikabidi nirudi. Zamani hizo aliyetaka kazi ya serikali alikuwa anafanyiwa mtihani wa vitabu hivyo, na vitabu vyenyewe vinanakiliwa kwa mkono, huyu karuka neno, yule kakosea herufi, wa tatu kanakili makosa ya wawili wa kwanza, mwisho kila mtu ana kitabu chake. Wakaamua ichongwe nakala moja ya uhakika isimamishwe kwenye chuo cha serikali pale mji mkuu, Chang'an, ndo hiyo Xi'an ya leo, mwenye ubishi aende akalinganishe. Hapo nikaelewa kwanini hakuna mbwembwe. Mwenye kazi hakutaka uzuri, alitaka usikosee. Mi nimeshawahi kurudia ukuta mzima wa duka la dawa kwa herufi moja tu, herufi 650,000 kwenye jiwe ambalo haupaki rangi nyeupe juu ukaanza upya sitaki hata kuwaza.

Mbwembwe ziko vyumba vinavyofuata. Kuna jamaa anaitwa Yan Zhenqing, karne ya nane, alikuwa ofisa mkubwa na mwisho wake alitumwa kwenda kuzungumza na muasi mmoja, akakataa kumkubali, muasi akamuua. Pale Beilin unaona jiwe lake la mwaka 752, alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwandiko msafi, umekaza, wa mtu anayejua kwamba anaangaliwa. Afu nenda kaone alilomuandikia baba yake la mwaka 780, kwenye sabini huko. Mtu mwingine kabisa! Mistari imenenepa, imetulia, kila herufi imekaa kwa uzito wake na haimwombi mtu samahani. Ukiwa na brashi mkononi kila siku unajua tofauti hiyo hainunuliwi. Mi napenda lile la uzeeni, ila nasikia watoto wanaoanza kujifunza wengi wanapewa lile la 752, na ni sawa tu, lile lingine ukiliiga kabla ya wakati unatoa vitu vibaya.

Mwenzie ni Liu Gongquan, jiwe lake ni la mwaka 841, mwembamba, makali kwenye kona. Wachina wana msemo kuhusu hawa wawili, mishipa ya Yan, mifupa ya Liu. Ila kilichonifanya nisimame kwenye hilo jiwe la Liu ni mstari wa mwishoni kabisa, umetaja waliochonga: Shao Jianhe na mdogo wake Jianchu. Majina ya mafundi! Manake muelewe kazi inavyokwenda, mwandishi mkubwa anaandika kwa brashi, mara nyingi kwa wino mwekundu juu ya jiwe lenyewe, akimaliza anaondoka zake kuheshimiwa, anabaki fundi na patasi anafuata kila mkunjo, pale brashi ilipokandamizwa na pale ilipoinuliwa, akiteleza hiyo sifa ya Liu yote imekwenda. Sisi huku tunaweka namba ya simu pembeni ya bango afu mwenye duka anaifuta.

Jiwe ambalo watalii wanaligombania ni lile la mwaka 781 lenye msalaba juu, linaeleza Wakristo kutoka upande wa Uajemi na Syria walivyofika China mwaka 635, Kichina na chini yake kuna maandishi ya Kisiria. Kuna Mdenmark mmoja, Frits Holm, alikwenda 1907 kutaka kulitoa nchini, wakubwa wa pale wakamshtukia wakalihamishia Beilin na yeye akaondoka na nakala aliyochongesha. Sawa. Kwa mwandiko wenyewe mi halikunishika sana.

Sasa ishu iliyonikaa kichwani mpaka leo ni hii. Ukiwa mle ndani unasikia pa pa pa pa, nikadhani ni ukarabati. Kumbe kuna fundi anatoa nakala. Anabandika karatasi laini yenye unyevu juu ya jiwe, anaigonga na brashi mpaka inazama kwenye michongo, ikikaribia kukauka anachukua kifuko cha kitambaa chenye wino anadonyoa taratibu juu yake. Wino unashika palipo juu, kwenye michongo haufiki, akibandua unapata maandishi meupe kwenye weusi, vilevile yalivyo, mpaka ufa wa jiwe unauona. Ndo photocopy yao, wanafanya hivyo tangu zama za Tang, na ndo maana mawe mengi pale ni meusi tii. Watoto waliojifunza mwandiko wa Yan kwa miaka elfu na ushee wengi jiwe lenyewe hawakuliona, waliona karatasi.

Afu ukiangalia vizuri unakuta jiwe lenyewe ndo linakufa kabla ya karatasi. Mwaka 1556 tetemeko kubwa la ardhi lilivunja baadhi ya yale mawe ya vitabu, baadae ikabidi wachonge herufi zilizopotea kwenye vijiwe pembeni. Na kuna jiwe la mlima Yishan, maandishi ya mfalme Qin Shi Huang, yule yule wa askari wa udongo, la mwaka 219 kabla ya Kristo. La kwanza halipo, lilishapotea zamani. Lililopo Xi'an lilichongwa upya mwaka 993 kutoka kwenye nakala ya mtu aliyenakili. Na hilo hilo ndo watu wanajifunzia mwandiko ule wa kale mpaka leo.

Jioni tukaenda mtaa wa Waislamu kula (nyama ya kondoo na mikate, nilishachoka tambi) na tukaswali kwenye msikiti mkubwa, umejengwa kwa paa za Kichina, na ndani khati za Kiarabu zimeandikwa kwa mkono wa Kichina, nene katikati zinaishia na mkia. Nilitaka kulia kwa wivu. Hiyo siku ntaiandika peke yake.

Nimerudi nyumbani nikaanza kuangalia vitu vyetu kwa jicho lingine. Pale Kilwa Kisiwani wanachimbua vipande vya bakuli za Kichina, watu wetu walinunua vyombo vyao karne na karne, na masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, upande huu na upande ule yanakwenda kwa vina. Sarafu zimetunzwa kwenye makumbusho. Lakini makaburi ya zamani ya huku pwani, yale ya mawe ya matumbawe na chokaa, nani ana nakala yake? Kuna moja huku kwetu nilikuwa nalisoma nikiwa mtoto jina zima mpaka mwaka, sa hivi chumvi imeshakula nusu ya mstari wa juu.

Nikaenda kwa Maalim aliyenifundisha khati. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote, karatasi, brashi, kifuko cha wino. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, jiwe la hao watu gumu?"

"Gumu Maalim, jeusi."

"Hili letu ukiligonga hivyo unabaki nalo mkononi. Na wino kwenye kaburi la mtu usinilete mimi huko."

Kwa hiyo karatasi hapana. Tumekubaliana tutaenda usiku na tochi, ukiimulika kwa pembeni kabisa hata mchongo uliofutika unatoa kivuli, unapiga picha, afu mi nakaa nachora herufi moja moja Maalim akisahihisha. Kwanza tuongee na wenye makaburi, na ofisi ya mambo ya kale tuiulize maana sitaki kesi. Nina tochi mbili na simu yangu kamera yake usiku ni aibu. Mwenye kamera nzuri na stendi hapa Mikindani au mjini anicheki inbox, chai na usafiri juu yangu.