AG 100 ya baba mdogo imewaka tena

Ilikaa miaka 6 nyuma ya nyumba yetu Katindo, hapa Goma, imefunikwa hema: pikipiki Yamaha AG 100, ile ya kuchanganya oili na mafuta. Tangi ndilo lililonitesa. Nilimimina siki ya kutoa kutu, nikatia kipande cha cheni kuukuu, nikatikisa hadi mikono ikafa ganzi. Maji yalitoka mekundu kama udongo wa Masisi. Nikasuuza, nikarudia mara 3.

Kabureta nilifungua mezani kwa mama. Kitundu cha mwendo wa taratibu kilizibwa na mafuta yaliyoganda. Nilikizibua kwa uzi wa nailoni, maana waya wa chuma hukipanua, na injini haitulii tena.

Buji mpya, ile plagi ya kutoa cheche, nilipata Birere. Cheni ilikuwa nzima kabisa. AG ina kava linaloifunika yote, na kwa vumbi letu la lava, hilo ni jambo kubwa.

Pampu ya oili, ile inayoichanganyia injini oili yenyewe, sikuiamini, huenda imevuta hewa. Nikachanganya mwenyewe: robo lita ya oili kwa lita 5 za mafuta.

Kiki ya tisa, ikanguruma. Baba mdogo alitoka bila viatu. Jumapili tulipanda nayo hadi Kibati, yeye mbele.