Mimi sio wakili, na siku nilipojisahau aliyelipa ni mama wa watu

Huu ni mwaka wa sita niko msaidizi wa kisheria kwenye kata yetu huku Kilosa, wengine mnatuita maparalegali, ila huku kijijini jina langu ni "dada mwanasheria". Mwanzoni nilikua namrekebisha kila mtu, mimi sio mwanasheria jamani, mimi ni msaidizi tu, baadae nikachoka nikaacha waite wanavyotaka, na nadhani shida ilianzia hapohapo, maana ukiitwa kitu kila siku na wewe unaanza kukiamini.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndo inayotutambua sisi, na kazi yetu imeandikwa wazi kabisa: kutoa elimu ya sheria kwa Kiswahili watu waelewe, kumsaidia mtu kufuatilia nyaraka, kumwelekeza aende wapi, na kuwashauri wanaogombana wajaribu kupatana. Kusimama mahakamani kama wakili hapana, kumtoza mtu pesa hapana. Ukisoma hivo unaona mbona rahisi. Mimi mahakamani sijawahi kusimama hata siku moja na wala sijawahi kumdai mtu hela, na bado nilivuka mpaka, nilivuka nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kata na daftari langu mapajani.

Ilikua hivi. Alikuja mama mmoja mjane, mume amefariki, ukoo umekaa kikao umemteua shemeji yake kua msimamizi wa mirathi, yeye akaenda kupinga mahakama ya mwanzo akashindwa. Akaja kwangu na karatasi zake kwenye mfuko wa rambo akaniuliza, dada nifanyeje sasa, nikate rufaa au niache? Jibu langu lilitakiwa liwe fupi tu: mama, rufaa ya kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30 tangu uamuzi utoke, leo ni siku ya kumi na moja, wakili wa msaada wa kisheria yuko Morogoro mjini, namba yake hii hapa, twende tumpigie sasa hivi. Basi. Mimi nikamwambia "usihangaike na rufaa kwanza mama, mahakama itakuchosha, ngoja nikaongee na wazee wa ukoo yaishe nyumbani".

Nilikua namhurumia kweli, na yule shemeji nilikua namfahamu nikajua anasikia. Kikao cha kwanza kikaahirishwa kwa sababu ya msiba, cha pili shemeji hakutokea, cha tatu akatokea akasema kama mnanipinga nendeni mahakamani, na siku hiyo nilipohesabu tarehe kwenye daftari nikaona ni siku ya 41. Nilihisi mwili umekua wa baridi. Mama mwenyewe hakujua, ilibidi nimwambie mimi, na nilimwambia siku ileile jioni nyumbani kwake, watoto wakiwa palepale wanasikiliza, hakunigombeza, aliniuliza tu "kwa hiyo ndo basi?"

Haikua basi, namshukuru Mungu. Wakili alimsaidia kuomba kuongezewa muda mahakama ya wilaya, na maombi yakakubaliwa kwa sababu uamuzi wenyewe ulikua na kasoro ya kisheria, mama hakupewa nafasi ya kusikilizwa vizuri. Huyo wakili aliniambia kitu kikaniingia mpaka leo, kwamba "niliambiwa na paralegali nisubiri" ingekua ndo sababu pekee pengine maombi yangetupiliwa mbali. Ila yale maombi tu yalichukua miezi saba na huku nyuma shemeji alishakodisha shamba kwa mtu mwingine, msimu mzima ukapita mama ananunua unga dukani wakati shamba la mumewe limejaa mahindi ya watu.

Ndo nikaelewa mpaka wenyewe uko wapi. Kumwambia mtu sheria inasemaje, muda wake ni siku ngapi, fomu inapatikana wapi, hiyo ni kazi yangu na natakiwa niijue vizuri sana. Kumwambia "wewe fanya hivi, acha hivi, hii kesi utashinda" hiyo ni kazi ya aliyesomea na kuapishwa, mtu ambaye akikosea kuna kamati ya kumwita ajieleze, na mimi nikikosea atakayejieleza ni yule mama mbele ya hakimu. Na watu wanakusukuma jamani, hawataki habari ya "sheria inasema", wanataka uwaambie la kufanya, wanakuangalia usoni, na ukiwaambia hilo siwezi kulijibu wanaona unawanyima.

Kuhusu hela kuna jambo watu wa mjini hawalielewi. Bibi mmoja nilimsaidia kufuatilia cheti cha kifo cha mwanae, kilipotoka akaja na kuku, jogoo mkubwa amefungwa miguu. Nikamwambia bibi siwezi kupokea. Akaniuliza, "unanidharau mjukuu wangu?" na machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Ila sikupokea na leo nisingepokea pia, kwa sababu nikichukua jogoo kwa bibi, kesho asiye na jogoo anaogopa kuja, na wapo wenzetu walioanzia kwenye jogoo wakafika kwenye "elfu kumi ya karatasi", na kutoka hapo wanaandika mpaka hati za madai kwa malipo kama wana ofisi. Hiyo Sheria ya Mawakili inaikataza na wanajua.

Siri nayo. Mwenyekiti anataka akae asikilize kwa sababu benchi ni la ofisi yake, shangazi anataka akae kwa sababu ni shangazi, na nilishaona mwenzetu mmoja anapiga picha barua ya mteja anatupia kwenye grupu la wasap kuuliza "wakuu hii inakuaje", jina na kila kitu kinaonekana. Kwenye kata ndogo hata ukificha jina watu wanajua ni nani, kwa hiyo mimi siku hizi nikitaka kuuliza nampigia wakili mmoja tu, basi.

Na kuna sehemu ambayo hata ile kazi yetu ya kupatanisha inakoma. Mtoto akiharibiwa, familia mbili zinakuja zimeshakubaliana ng'ombe wangapi wanataka tu mtu wa kuwaandikia makubaliano, hapo siandiki hata mstari mmoja. Hiyo ni jinai, inakwenda polisi na hospitali siku hiyohiyo, na wakininunia waninunie.

Lakini nisiseme kama mpaka huu hauna maumivu, unao. Mawakili wako mjini, watu wako huku, na nauli ya kwenda na kurudi kwa mtu asiye na kitu ni kikwazo kikubwa kuliko sheria yenyewe. Mwezi uliopita babu mmoja amekuja siku ya 22 kati ya 30, hana nauli, hajui kusoma. Nimempigia wakili nikaweka spika, tumekaa wenyewe chini ya mwembe mbali na ofisi, wakili akamuuliza babu maswali karibu saa nzima, sababu za rufaa akaziandika wakili mwenyewe kule aliko akamtumia kijana wa steshenari, mimi nikazichukua nikamsomea babu neno kwa neno mara mbili. Sehemu moja akasema hapana, sikusema hivyo. Nikapiga simu tena wakili akarekebisha, babu akaweka dole gumba. Siku ya 25 alipanda basi la asubuhi kwa nauli ya kuchangiwa na kanisa lake, na mchana akanipigia kwa simu ya karani kuniambia karatasi imegongwa mhuri.